Ng'ambo

Simu yangu ilivuka mpaka kabla yangu. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa Shimo la Mungu, Newala, jua likishuka upande wa Masasi, ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa Kireno: karibu Msumbiji, na bei ya dakika moja ya kupiga simu ni hii. Mbele yangu hapakuwa na Msumbiji ya kushika kwa mkono. Palikuwa na ukingo unaoporomoka ghafla kama mtu aliyekata mkate, kisha vichwa vya miti, kisha moshi wa mashamba yanayochomwa, na mbali kabisa mstari mweupe ambao ama ulikuwa mchanga wa Ruvuma ama uchovu wa macho yangu.

Kijana wa bodaboda aliyenileta alicheka. "Zima data, kaka. Hapa vocha inaliwa na ng'ambo."

Ng'ambo. Kwa Mzanzibari, Ng'ambo ni mitaa iliyo upande wa pili wa Mji Mkongwe. Kwa shangazi zangu wa Dar es Salaam, aliyekwenda ng'ambo amekwenda Ulaya au Uarabuni, na anatarajiwa kurudi na masanduku. Newala ng'ambo ni kule chini, kwenye moshi, na watu hulitamka neno hilo bila kunyoosha kidole, kama unavyosema jikoni au uani.

Kilichonileta ni kinyago. Nyumbani kwetu palikuwa na mwanamke wa mpingo, urefu wa dhiraa moja, amebeba sanduku kichwani. Utotoni niliamini ni sanduku la nguo. Niliamini ni bibi harusi. Miaka ya karibuni nilimpeleka Mwenge akaunganishwe mkono uliovunjika, na fundi, Mmakonde wa makamo, alimgeuza mara mbili akasema, "Hizi si nguo. Huyu anapeleka risasi." Akaendelea na gundi yake. Sikupata la kujibu, ila tangu siku hiyo nilijua kwamba lazima niione njia aliyopita.

Kwa hiyo basi la alfajiri, daraja la Mkapa juu ya Rufiji, mkanda wa feni kukatika kabla ya Nangurukuru na saa tatu za kukaa chini ya mwembe, usiku mmoja Mtwara, kisha barabara ya Tandahimba, mikorosho kushoto, mikorosho kulia. Ilikuwa Oktoba. Mabibo yameanza kuanguka na uwanda mzima unanukia utamu uliokaribia kuchacha. Abiria walizungumzia kitu kimoja tu: bei ya korosho mnadani.

Mzee niliyeelekezwa kwake nilimkuta barazani, redio ndogo mapajani. Mkewe alikuwa anamenya ming'oko kwenye ungo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Dar es Salaam mpaka huku kuja kuuliza habari za kale? Huko hakuna wazee?"

Nilisema wapo, ila hawajavuka. Akanitazama kidogo, akapunguza sauti ya redio. Hakuizima.

Alizaliwa ng'ambo, kwenye uwanda wa Mueda, ambao kwa sura ni ndugu pacha wa huu wa Newala: mchanga mwekundu, vichaka, upepo mzuri na maji hakuna. Pande zote mbili wanawake walikuwa wakishuka mabondeni usiku kufuata maji na kupanda nayo mwinuko asubuhi. Wamakonde ni hao hao. Mto ukapita katikati, Mjerumani na Mreno wakakubaliana kwamba huo ndio mpaka, na baadaye Mwingereza akaurithi.

Baba yake alikuwa manamba. Neno hili wasomaji wa rika langu tumelikuta vitabuni: vibarua wa mashamba ya mkonge wa Tanga, kila mmoja na namba yake, kazi ya mkataba, mgongo uliochanwa na miiba. Wa huku tunalisimulia kama aibu. Mzee alilitamka kwa namna nyingine kabisa. "Baba alikimbilia unamba," alisema, na akaona mshangao wangu. "Ndiyo. Alikimbilia. Hukujua alichokuwa anakikimbia."

Alichokikimbia ni pamba. Tangu 1938 Wareno walilazimisha familia za Msumbiji kulima pamba na kuiuzia kampuni moja tu, kwa bei iliyopangwa na kampuni hiyo na serikali. Juu yake palikuwa na kazi ya shokoa, barabara na mashamba ya walowezi, mtu anaondolewa kwake kwa miezi. Asiyetimiza alipigwa viganja. Mzee alinyanyua mikono kunionyesha: kibao cha mti chenye mpini, kimetobolewa matundu, kila pigo nyama inaingia kwenye tundu na kutoka imevimba. Yeye mwenyewe hakupigwa, alikuwa mdogo. Lakini alimkumbuka baba yake akishindwa kushika tonge.

Tanganyika nako kulikuwa na Mwingereza, na manamba hakulala kwenye godoro. Lakini alilipwa. Akaishi na Wanyamwezi, Waha, Wabena, wakaelewana kwa Kiswahili. TANU ilipozaliwa mwaka 1954, alikuwa na miguu ya kumpeleka mkutanoni na masikio ya kusikia. Wengine walifika hadi bandari ya Mombasa. Vyama vya kusaidiana na kuzikana vya Wamakonde wa Tanga, Dar es Salaam na Mombasa vikaanza kusema mambo ambayo si ya mazishi, na humo ndimo kilimotoka chama cha MANU.

"Baba alirudi na vitu vitatu," mzee alisema. "Koti. Baiskeli isiyo na breki. Na neno."

"Neno gani?"

"Uhulu." Alicheka mwenyewe. "Ulimi wetu hauna ile herufi yenu. Uhulu. Sisi watoto tulidhani ni chakula."

Nimeyasoma mengi kuhusu vita vya Msumbiji, mengi yakiwa yameandikwa na watu wa mbali kwa heshima kubwa, na karibu yote huanzia kwa wasomi: Eduardo Mondlane na shahada zake za Marekani, mikutano ya Dar es Salaam, bunduki za nchi za Mashariki. Pale barazani nilianza kuona kwamba mwanzo ulikuwa wa chini zaidi. Kwa Wamakonde wa Mueda, dai lenyewe lilisemwa kwa neno la kuazima. Lilitoka kwenye lugha yetu, likavushwa na wakata mkonge, likapoteza herufi moja njiani na halikupungukiwa kitu.

Sasa tazama upande wa pili wa meza. Mwaka 1951 serikali ya Salazar ililifuta koloni la Msumbiji kwa kalamu. Haikuliacha huru; ililibadilisha jina. Kuanzia hapo Msumbiji ilikuwa jimbo la Ureno la ng'ambo. Hivyo ndivyo lilivyoitwa rasmi, la ng'ambo ya bahari, na hoja ilikuwa nyepesi: jimbo halidai uhuru, kama vile sebule haidai uhuru kwa nyumba. Sijui kama kuna ofisa yeyote wa Lisbon aliyewahi kuambiwa kwamba wenye jimbo lile tayari walikuwa na ng'ambo yao, na kwamba ilikuwa mwendo wa siku mbili kwa miguu kuelekea kaskazini.

Juni 16, 1960, gavana wa mkoa wa Cabo Delgado alifika Mueda. Umati ulikuwa umekusanyika mbele ya ofisi ya msimamizi wa wilaya. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliokuwa wametoka Tanganyika, walikuja kueleza shida za watu na wanachotaka. Waliingia ndani kuzungumza, wakatoka wamefungwa. Walipokuwa wanapakiwa garini watu wakasogea kuzuia, na askari wakafyatua risasi.

Mzee alikuwa na miaka sita. Sikumwuliza aliona nini, na yeye hakujifanya aliona. "Nilikuwa nambembeleza mdogo wangu. Waliokwenda ni wakubwa. Baba alirudi usiku, akakaa nje. Mama akamwambia ingia, akasema hapana, nasikiliza." Alisikiliza nini? Mzee aliinua mabega. Redio mapajani mwake ilikuwa inasoma bei za ufuta.

Waliokufa Mueda wangapi? Chama kilichokuja kuongoza vita kiliandika 600, na namba hiyo ndiyo iliyoingia mashuleni. Hesabu ya Wareno wenyewe ni ndogo mara nyingi kuliko hiyo, na watafiti waliokuja baadaye wameshindwa kuzikutanisha. Ubishi huu una watu wake na una haki yake. Mimi naona tu kwamba maiti wachache hawakuhitaji kuongezewa wenzao ili watoshe kuwa sababu. Na Mueda walipata njia yao ya kukumbuka isiyotegemea namba: walianza kuiigiza siku ile hadharani, wengine wakivaa kama Wareno na kuvimbisha vifua mpaka watazamaji wakacheka. Mwaka 1979 mwongozaji Ruy Guerra aliupiga mchezo huo filamu. Kucheka mahali ndugu zako walipopigwa risasi ni jambo ambalo mgeni hulikosea kirahisi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio, nami nitayapitia hivyo hivyo. Juni 25, 1962, MANU na vyama vingine viwili, UDENAMO na UNAMI, viliungana Dar es Salaam kuwa FRELIMO, Mondlane akiwa rais. Septemba 25, 1964, kikosi kidogo cha Alberto Chipande kilishambulia kituo cha Wareno pale Chai, Cabo Delgado, na vita vikaanza. Februari 3, 1969, Mondlane alifungua kifurushi chenye kitabu kilichotegwa bomu, Oyster Bay, umbali wa matembezi ya jioni kutoka shule niliyosoma. Miaka yote ya shule hakuna mwalimu aliyetuonyesha nyumba.

Familia ya mzee ilivuka 1965, kama maelfu ya wengine, usiku, kwa mtumbwi wa mtu waliyemlipa kuku wawili. Wengi walipelekwa makazi ya wakimbizi kama Rutamba, Lindi. Wao walikuwa na ndugu Newala. Miaka mitano baadaye, akiwa na kumi na sita, alirudi ng'ambo na mzigo kichwani.

Hapa ndipo nilipokuwa napangoja. Nilitoa simu nikamwonyesha picha ya kinyago. Aliisogeza mbali na macho, akaileta karibu.

"Sanduku limewekwa vibaya," alisema. "Huyu aliyechonga hakubeba. Risasi huziweki hivi, zinakuvunja. Unaweka kata nene, mzigo unaegemea nyuma kidogo."

"Ulikuwa mzito kiasi gani?"

"Mpaka shingo inaingia kifuani."

Walikwenda kwa mstari, vijana na wanawake, wanawake wakiwa wengi. Kwenda ni risasi, makombora, dawa, sabuni, chumvi, daftari za shule. Kurudi ni korosho, ufuta na karanga kutoka maeneo yaliyokombolewa, vikauzwe huku ili vilete sabuni nyingine. Njia zilikuwa nyembamba, na kila zilipojulikana zilihamishwa. Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alileta operesheni kubwa kuliko zote, ndege na helikopta na matingatinga ya kupasua msitu, shabaha mojawapo ikiwa kuzikata njia hizo. Mzee hakulijua jina la jenerali. Alikijua kishindo cha helikopta, na jinsi unavyolala chini bila kutua mzigo, maana ukiutua huna wa kukutwika.

Mkewe, aliyekuwa kimya wakati wote, alisema bila kuinua kichwa: "Mweleze na nyimbo." Wapiganaji waliofunzwa huku walirudi na Kiswahili, wakaimba kwa Kiswahili, wakafundisha kwa Kiswahili chini ya miti. Chama kiliamua Kireno kiwe lugha ya umoja wa nchi nzima, na nadhani uamuzi ule ulikuwa na sababu. Lakini uwandani kwa Wamakonde, lugha ya vita ilikuwa hii ninayoiandika. Mama yule aliimba nusu ya wimbo, akajikatisha, akasema ming'oko iliyo jikoni itaungua.

Siku ya tatu nilishuka Masasi, nikapanda gari la Nachingwea. Huu ni mji ambao Uingereza iliujenga kwa ajili ya majarini. Mwaka 1947 London ilitaka mafuta ya karanga, ikafyeka mapori ya Tanganyika kwa matrekta, ikajenga reli kutoka Mtwara, ikapoteza zaidi ya pauni milioni 35 na kukata tamaa mwaka 1951. Karanga zilikataa kuzaa. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Yakabaki majengo, barabara zilizonyooka na mashamba yenye namba, na mojawapo, ambalo watu wa hapa bado wanaliita Famu 17, likawa kambi kuu ya FRELIMO. Humo Samora Machel, aliyekuja kuongoza chama baada ya Mondlane, aliwafunda wapiganaji. Humo mwaka 1967 wasichana ishirini na kitu, Josina Muthemba akiwamo, walipewa mafunzo ya kijeshi, jambo lililowaudhi baadhi ya wazee wa pande zote mbili za mto. Josina akaja kuolewa na Samora, akafariki Dar es Salaam mwaka 1971, umri miaka 25.

Nilikwenda nikitarajia kusimama kwa fahari tu. Lakini Nachingwea hairuhusu. Mwaka 1975, vita vikiwa vimekwisha na uhuru ukiwa wiki chache mbele, wapinzani waliletwa kambini hapa. Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama, alisomeshwa ungamo mbele ya umati. Lázaro Nkavandame naye alikuwamo: mwenyekiti wa Cabo Delgado, aliyeongoza wakulima wa pamba wa Mueda kabla ya vita, akatuhumiwa kujitajirisha kwa biashara ya maeneo yaliyokombolewa, akahamia kwa Wareno mwaka 1969. Baadaye wote wawili waliuawa bila kufikishwa mbele ya mahakama yoyote. Tulikuwa wenyeji wa yote mawili, mafunzo na maungamo. Kwenye hotuba zetu za kumbukumbu tunataja la kwanza.

Mwalimu mstaafu aliyenitembeza alinyamaza nilipomtajia Simango, kisha akanionyesha mstari wa miti mikubwa iliyopandwa enzi za karanga. "Hapa walikuwa wanakimbia asubuhi," alisema. "Kabla ya jua. Mimi mtoto, nawahesabu." Hilo ndilo alilokuwa nalo la kunipa, nami nililipokea.

Kutoka kambi hii Samora aliondoka Mei 1975, akavuka Ruvuma na kuteremka nchi nzima, mkoa kwa mkoa, kwa mwezi mzima. Kaulimbiu ilikuwa kutoka Ruvuma hadi Maputo. Wengi hudhani Maputo ile ni jiji. Jiji lilikuwa bado linaitwa Lourenço Marques. Ni mto kwa mto, wa kaskazini mpaka wa kusini. Juni 25 bendera ya Ureno ikashushwa.

Mimi sikuvuka. Nilikuwa na pasipoti, na nilikuwa na nia, lakini kila niliyemwuliza alijibu kwa kunyamaza kwanza. Tangu Oktoba 2017, pale Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, Cabo Delgado imekuwa na vita vingine, vya waasi wanaodai dini na vijana wasioona faida ya gesi na vito vya kwao. Mueda ile ile imejaa askari na waliokimbia vijiji vyao. Oktoba 2020 vita hivyo vilifika huku, kijiji cha Kitaya, Mtwara. Mzee wa Newala aliniambia kwamba mwaka ule alipokea watu saba kutoka ng'ambo, ndugu wa ndugu. Waliketi pale pale barazani. Mmoja, mtoto wa kike wa miaka kama sita, hakutaka kuingia ndani.

Nilikwenda mpaka Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja, kwa sababu nilitaka angalau kuona maji. Nyerere na Samora waliliwaza mwaka uleule wa uhuru. Lilifunguliwa Mei 2010, mita 720 za zege. Ofisa aliniruhusu kusimama mwanzoni mwake, nisipite kibao. Lilikuwa tupu. Lori moja lilisimama upande wetu, dereva amelala chini yake. Mbuzi wawili walikuwa wamekipata kivuli cha ukuta wa daraja na hawakuwa na mpango wa kuondoka.

Oktoba Ruvuma huwa mchanga mwingi na maji kidogo. Chini, mbali kidogo na nguzo, mwanamke alikuwa anavuka kwa miguu kutoka ule upande, kanga ameikunja mpaka juu ya magoti, ndoo ya plastiki yenye kifuniko kichwani. Alipofika kwenye mkondo aliupima kwa mguu, akauzunguka. Alipanda kingo, akanipita.

"Mama, umetoka ng'ambo?" niliuliza, nikijua ni swali la kijinga.

Alisimama, shingo imenyooka, akanitazama kwa pembe ya jicho kwa sababu ya ndoo.

"Nimetoka nyumbani," alisema. "Ndiyo kwanza nafika ng'ambo. Utanunua dagaa?"

Ndoo ilikuwa imeegemea nyuma kidogo, juu ya kata nene.